Bandi na Gundi

Katika nyumba ile, mke alikuwa fundi cherehani na mume alikuwa fundi viatu, na kama ungetaka kuwagombanisha, ulichohitaji ni kuwapa kazi moja waifanye pamoja. Si kwamba hawakupendana. Walipendana mpaka majirani wakachoka kuwasema. Lakini mke, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa mtu wa bandi, na mume, ambaye wateja walimwita Soli, alikuwa mtu wa gundi, na hayo ni madhehebu mawili.

Bandi, kwa asiyejua, ni ule mshono wa muda: hatua ndefu ndefu za uzi mweupe za kushikizia kitambaa kabla hakijapitishwa kwenye cherehani. Ukiona mkono wa gauni umepinda, unavuta uzi, unaanza upya, na hakuna aliyeumia. Fundi aliishi hivyo. Hakununua kabati bila kwanza kuchora umbo lake sakafuni kwa chaki na kulizunguka wiki nzima, aone kama litamkera. Gundi ya viatu ni habari nyingine. Unapaka huku, unapaka na huku, unangoja mpaka ukigusa kidole hakinati, kisha unakutanisha mara moja, na ukikosea umekosea. Soli alimposa mkewe kwa mtindo huo huo. Alikuja kwao kuunga mkanda wa cherehani uliokatika, akanyanyua kichwa, akamwona binti wa nyumba, na kabla chai aliyokaribishwa haijapoa alikuwa ameshasema lililomleta na lisilomleta.

Aliyemiliki cherehani ile alikuwa mama yake Fundi. Ndiye aliyemfundisha kazi, yeye na mabinti wengine wasio na idadi, na wote walimpa jina moja nyuma ya mgongo wake: Bibi Fumua. Ulipompelekea nguo hakuangalia mbele. Aliigeuza ndani nje, akaupitia mshono mwanzo mpaka mwisho kwa utulivu wa mtu anayesoma barua, kisha akakurudishia na neno moja: fumua. Hakugomba wala hakueleza. Fundi alilia kwa neno hilo akiwa na miaka kumi na tatu, akanuna kwa neno hilo akiwa na ishirini, na alipotimiza arobaini, ana cherehani tatu zake mwenyewe na wateja wa kupanga foleni, bado kila kazi kubwa aliipeleka kwanza kwa mama yake, roho ikiwa juu juu.

Inasemekana siku Soli alipomaliza kuunga ule mkanda, Bibi Fumua aliugeuza, akautazama ungio wake pande zote mbili, akauvuta kwa nguvu, ukagoma kukatika. Akamwambia bintiye kwamba huyu kijana hafumuliki, amchukue. Hiyo ndiyo ilikuwa idhini ya ndoa, na haikuja nyingine.

Kisha macho ya Bibi Fumua yakaingia ukungu. Ilikuwa mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, na kwa kuwa bibi hakuwa mtu wa kukubali kushindwa, kwa miaka sita alijifanya anaona. Alihamia kwa bintiye kwa kisingizio kwamba nyumba yake ina panya. Siku moja alipita chumba cha kushonea, akaisimamia ile sanamu ya kupimia nguo iliyovalishwa gauni la harusi la mteja, akaiuliza habari za nyumbani, na ilipokaa kimya akatoka akisema wasichana wa siku hizi wana maringo. Nyumba nzima ilivunjika mbavu. Bibi mwenyewe alipoambiwa alicheka kuliko wote. Fundi naye alicheka, kisha akaenda jikoni akafuta macho kwa upindo wa kanga.

Lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa hicho. Kilichomuuma ni kwamba aliendelea kumpelekea mama kazi zake, mama akazipapasa kwa vidole, akasema, "Nzuri." Sketi nzuri. Pazia zuri. Sare za shule dazeni tatu, zote nzuri. Kwa miaka sita hakuna kitu kilichoharibika mkononi mwa Fundi, na yeye alijua fika kwamba hilo haliwezekani. Angetoa mojawapo ya cherehani zake tatu asikie anaambiwa afumue, hata mara moja tu.

Hatimaye daktari wa macho alikubali kulipasua jicho la kulia kwanza. Alisema wazi kwamba limengojeshwa mno na hawezi kuahidi kitu. Bibi angepasuliwa Ijumaa, angelala siku mbili, na Jumapili asubuhi angerudi nyumbani. Akatoa sharti moja, akalirudia mara mbili: vumbi lisimkaribie kabisa. Hapo Fundi na Soli wakatazamana, kwa sababu wote wawili walikuwa wakiliwazia gari lao.

Gari lile lilikuwa zee, lakini injini yake ilikuwa nzima na Soli alilipenda. Tatizo lake lilikuwa juu. Kitambaa cha dari kilikuwa kimeachia tangu zamani, kwanza karibu na kioo cha nyuma, kisha katikati, mpaka abiria wote wakawa wanasafiri vichwa vimegusa kitu laini. Watoto wao, kabla hawajaoa na kuolewa na kuondoka, walikiita chandarua. Soli aliwahi kukipachika kwa pini, na kila walipopita kwenye tuta pini ziliwanyeshea. Mgongoni mwa kitambaa kulikuwa na sponji nyembamba iliyooza na kuwa unga wa kahawia, na unga huo ulishuka kila siku mabegani mwa watu. Walipompeleka bibi hospitali mara ya kwanza, breki moja tu, kitambaa chote kikamshukia kichwani. Bibi alikaa humo ndani bila kutikisika, kisha akasema kwa upole, "Ahsante, lakini sisikii baridi."

Soli alishauri Jumapili wakodi teksi, yaishe. Fundi hakuambilika. Alikwisha kumuuliza daktari mama atakaaje ndani ya gari, na daktari alimwambia aegemee nyuma, kichwa kikiwa kimelala. Maana yake, kutoka hospitali hadi nyumbani, kitu pekee ambacho kingekuwa mbele ya jicho lile jipya ni dari la gari.

"Nataka cha kwanza kukiona kwa kutulia kiwe kazi yangu," alimwambia mumewe. "Kama anaona, ataona. Kama haoni, nitajua."

Soli alikuna kichwa kidogo, akaenda kutafuta bisibisi.

Jumamosi asubuhi waliliingiza gari uani na kufungua milango yote minne. Soli alianza na vibao vya kuzuia jua, akaja kwenye vishikio vya juu ya milango, akaishusha taa ya ndani na nyaya zake, akabandua mipira ya kuzunguka milango na plastiki za nguzo. Kila kilichotoka Fundi alikipanga kwenye trei kwa mpangilio, skrubu kando ya kitu chake, kwa sababu alimjua mwenzake. Kisha viti vya mbele vikalazwa, na wote wawili wakaingia ndani, yeye mbele na mume nyuma, wakaukinga ubao wa dari kwa viganja. Ni ubao mwepesi, umekandamizwa kama boksi gumu, na ukipinda zaidi ya kadiri unavunjika na hauungiki. Waliutoa kwa mlango wa mbele, taratibu, kila mmoja akimwamuru mwenzake asiharakishe. Ulipotoka mzima, walipumzika kwa kuketi chini pale pale.

Kitambaa cha zamani kilibanduka chenyewe kama kilichokuwa kikingoja ruhusa. Ile sponji iliyooza ndiyo iliyowatesa. Soli aliikwangua kwa brashi laini ya kung'arishia viatu, akipiga chafya mfululizo, mpaka ubao ukawa msafi na yeye akawa na nyusi za kahawia. Fundi alimwambia amependeza, asioge.

Zamu ya Fundi ilipofika, kasi ya kazi ilianguka. Alikuwa amenunua kitambaa cha kijivu chenye sponji mpya mgongoni, kipande kimoja, cha mwisho dukani. Alikitandaza juu ya ubao kwenye meza ya kukatia, akaacha vidole vinne kila upande, akakata. Akatafuta katikati ya ubao, akachora mstari wa chaki. Akatafuta katikati ya kitambaa, akakaa kwenye kigoda, akatunga uzi mweupe na kuanza kupiga bandi kutoka mbele hadi nyuma, apate alama inayoonekana pande zote mbili. Soli alimzunguka mara tatu akiwa na kopo lake la gundi. Mwishowe akauliza kama dari nalo lina kiuno. Fundi alimjibu kwamba chochote kinachovalishwa kina katikati, na kama ana haraka sana akatie soli kiatu cha mtu.

Walikubaliana hivi. Kitambaa kingekunjwa nusu, Soli angepaka gundi upande wa mbele, ubao na kitambaa, na kabla havijakutanishwa Fundi angevuta uzi wa bandi wa upande ule. Kisha wangefanya hivyo hivyo nyuma. Upande wa mbele ulikwenda salama. Fundi alivuta uzi, wakalaza kitambaa, wakakisukuma kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni, kikaingia kwenye kila bonde la ubao bila kunyanzi hata moja. Soli alikiri kwa sauti kwamba mambo yamekaa sawa.

Upande wa nyuma ndio uliowaponza. Gundi ilikuwa imeanza kumpanda kichwani, kwa hiyo Soli alijifunga leso puani na mdomoni. Alikuwa amemaliza kupaka na ameinama akipima ukavu kwa kidole. Fundi akanyoosha mkono kuushika uzi wake. Soli alipouona mkono unakuja juu ya gundi mbichi, alisema kwa haraka, ndani ya leso:

"Usiguse gundi."

Fundi alisikia asiguse bandi.

Alirudisha mkono. Alijiambia kwamba hatimaye, baada ya miaka yote ile ya kuicheka bandi yake, mume amefahamu faida yake: anataka uzi ushikilie katikati mpaka dakika ya mwisho, utolewe baadaye. Jambo hilo lilimgusa kweli. Alimtazama mumewe aliyeinama na leso yake usoni, akamwona mzuri. Wakakilaza kitambaa, wakakisukuma, kikakaa. Soli alifungua leso, wakarudi nyuma hatua mbili kuifurahia kazi. Kisha Fundi akashika ncha ya uzi, akavuta, na uzi haukwenda popote.

"Mbona bandi haitoki?" aliuliza.

"Bandi ipi? Si uliitoa?"

"Nitaitoaje na wewe umeniambia nisiiguse?"

"Nilisema gundi."

"Ulisema bandi."

"Mama watoto," Soli alisema, "tangu tuoane, neno hilo mimi nimelitaja lini?"

Na kweli hakuwahi. Fundi alikaa kwenye kigoda, akashika tama. Kitambaa kilikuwa cha mwisho dukani. Gundi ilikuwa ya Soli, ile ya kushika soli za askari, na kukibandua ilikuwa ni kuichana sponji yote. Maisha yake yote alikuwa hajashona kitu kisichofumulika, na sasa amekipata, na kesho yake mama anatoka. Uzi mweupe ulipita katikati ya nusu ya nyuma ya dari, hatua kwa hatua, mnyoofu kabisa, juu ya kijivu. Alikasirika, akamwambia mumewe mtu azungumzaye na leso mdomoni asizungumze. Soli akajibu kwamba mtu anayesikia anachokipenda tu, hata ukivua leso haisaidii. Halafu Soli akarudia kwa sauti ndogo, "Gundi, bandi," kama mtu anayejaribu kiatu cha kulia na cha kushoto, na bega la Fundi likaanza kutikisika. Walicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kulikoni, wakashindwa kumweleza.

Baada ya kicheko, kazi. Fundi alivaa miwani yake, akachukua mkasi mdogo wa nyuzi na kibanio cha kung'olea nyusi, akaanza kukata hatua moja moja na kuinyofoa pale ilipojitokeza juu. Soli alifuata nyuma yake akisugua kila kitundu kwa kidole gumba mpaka kikafumba. Ilikuwa kazi ya kuvunja shingo. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa ua walipomaliza. Fundi aliupitia mstari wote kwa jicho, akaupitia kwa ncha ya kidole, akaridhika kwamba hakuna kilichobaki. Wakaurudisha ubao garini, taa ikawaka, vishikio vikakazwa. Kwenye trei ilibaki klipu moja isiyojulikana ilitoka wapi. Soli aliitia mfukoni na kubadilisha mazungumzo.

Jumapili asubuhi waliwahi hospitali. Bendeji ilikuwa imeshafunguliwa. Bibi Fumua alikuwa ameketi kitandani, amevaa miwani nyeusi kubwa, amejitanda vizuri, kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa mwingine. Daktari alinyoosha vidole mbele yake, akauliza ni vingapi. Bibi akasema vitatu. Vilikuwa vitatu kweli, lakini Fundi alijiambia kwamba mtu akitaka kukuonyesha vidole huwa anaonyesha vitatu.

"Unaonaje, mama?" aliuliza.

"Naona vizuri kabisa," alisema bibi.

Hayo ndiyo maneno yaliyomtisha, kwa sababu ndiyo aliyoyasikia miaka sita. Hata siku ile ya sanamu, bibi alikuwa anaona vizuri kabisa. Daktari alisema wampe muda, ataendelea kupata nafuu, na hakusema zaidi. Njiani kwenye ukumbi bibi alimsalimia muuguzi kwa heshima zote, lakini muuguzi ndiye aliyetangulia kumsalimia. Soli naye, ambaye hajawahi kuhifadhi siri hata ya usiku mmoja, alimwambia mama mkwe wake kwamba dari limebadilishwa, na Fundi akamkata jicho kali. Sasa hata akilisifu, itakuwa ameambiwa.

Walimlaza kidogo kwenye kiti cha nyuma, mto chini ya kisogo. Fundi akakaa ubavuni pake. Soli aliendesha kana kwamba amebeba mayai, akilivuka kila tuta kwa kuliomba radhi. Hakuna kilichowashukia kutoka juu. Baada ya muda bibi aliipandisha ile miwani nyeusi kwenye paji la uso, akatazama juu. Fundi akautazama ule uso, hakupepesa. Jicho lilikuwa jekundu pembeni, limelowa, na lilikuwa likitembea polepole, mbele, nyuma, mbele tena. Fundi hakujua kama linasoma au linatafuta njia tu.

"Mmebadilisha dari," alisema bibi.

"Ndiyo, mama. Unalionaje?"

Bibi alilipitisha jicho mara nyingine, mbele mpaka nyuma.

"Zuri," akasema.

Fundi aligeukia dirishani. Alizitazama nyumba zikipita, maduka yaliyofungwa, mtu anapiga deki barazani, na alijua kwamba akifungua mdomo atalia. Alijitahidi kujiambia kwamba mama yuko hai, hana maumivu, gari halina vumbi, na kwamba mtu wa makamo hapaswi kuumia kwa sababu ameambiwa kazi yake ni nzuri. Kwenye kioo cha kuonea nyuma macho ya Soli yalimtafuta, yakamkosa.

Wakafika kwenye tuta jingine. Gari likapanda, likashuka.

"Ila umesahau bandi," alisema Bibi Fumua.

Fundi aligeuka. Mama alikuwa amenyanyua mkono, na kidole chake cha shahada kilikuwa kimesimama, imara, kikionyesha mahali pamoja juu ya kichwa chake. Fundi alitazama hakuona kitu. Akavaa miwani yake, akasogeza uso mpaka karibu agonge dari, na hapo ndipo alipokiona: kipande cha uzi mweupe, hakifiki punje ya mchele, kimelala kwenye kijivu kama kilivyoshonwa. Yeye mwenyewe alikuwa amepita hapo kwa jicho na kwa kidole. Soli alikuwa amepita kwa kidole gumba.

"Mama," alisema, "unakiona hicho?"

"Nakiona. Na mstari wenyewe ulikuwa mnyoofu, vitundu vyake vinaonekana." Bibi alishusha mkono, akautuliza mapajani. "Mstari hauna neno. Lakini bandi haibaki kwenye nguo, na hilo nilikufundisha ukiwa na miaka kumi na tatu. Fumua."

Soli alikuwa ameshalisimamisha gari kando ya barabara bila kuwasha hata taa ya kuonyesha anapinda, na mtu wa nyuma akapita akipiga honi ya matusi. Fundi alikuwa akilia na kucheka vyote pamoja, ameukumbatia mkono wa mama yake, na bibi akawa anauliza mtu analiaje kwa uzi mmoja, mbona kuna watu walikwisha kumletea suruali yenye mguu mmoja nyuma mbele na hawakulia hivyo. Soli naye alijipangusa pua kwa ile leso ya jana, ikamrudishia harufu ya gundi, akapiga chafya.

Fundi alipopata pumzi alisema ndiyo, mama, nafumua. Akanyoosha mkono, akakunja kucha mbili kuunyofoa ule uzi.

"Usiguse bandi," alisema Soli kutoka kwenye usukani. "Hiyo iache ibaki."

Safari hii hakuwa na leso mdomoni, na mama na binti walimsikia vizuri.